Nyumbu wa Herufi A

Nyumbu zaidi ya milioni moja huhamahama kila mwaka, huvuka mto Mara kule Kogatende, huingia Kenya na kurudi, wala hawagongewi muhuri. Foleni ya mpakani Sirari ni yetu sisi binadamu. Ila nyumbu wa kwenye diski ya Blu-ray wana sheria zao, na tulizijulia sebuleni kwangu, Mugumu, ukoo mzima ukitazama.

Shemeji alikuja kutoka Marekani na filamu ya nyumbu wa Serengeti, picha ang'avu, meno ya mamba unayahesabu moja moja. Deki nilikuwa nayo, kaka aliniletea kutoka Uingereza. Shangazi akapewa kiti cha mbele, watoto wa jirani wakajaa hadi mlangoni. Diski ikazunguka, ikanguruma, kisha runinga ikaandika kuwa haichezi eneo hili.

"Eneo gani?" akauliza shangazi. "Nyumbu si wako hapo hifadhini?"

Shemeji akaeleza. Wenye Blu-ray wameigawa dunia mafungu matatu: A ni Marekani, Japan na wenzao, B ni Ulaya na Afrika, C ni India, China na Urusi. Enzi za DVD tuliwekwa namba 5 pamoja na Wahindi na Warusi, halafu Blu-ray ikatuhamishia kwa Wazungu bila hata kikao cha kijiji. Diski ya A, deki ya B. Hawapikiki chungu kimoja.

Akaagiza nyingine, ya B. Eneo likakubalika, ila diski ikaja na jipya: kufuli lake ni la kisasa, deki ipate kwanza programu mpya kutoka intaneti. Tukaunga bando la simu. Sasisho limefika katikati, umeme ukakatika. Uliporudi, deki haikurudi nao. Siku hizi inazuia mlango usijifunge.

Tukiwa bado matangani, akaingia kijana wa jirani. "Shikamoo, shangazi. Ngoja." Akachomeka flashi kwenye runinga. Nyumbu walewale! Picha ina ukungu, ndiyo, lakini ina mtafsiri anayemwita mamba mjumbe wa nyumba kumi. Shangazi alicheka mpaka akavua kilemba.

Kufuli lote lile lilitengenezwa kumzuia huyo kijana. Likamnasa shemeji, aliyelipa mara mbili na risiti anazo.

Ndugu zetu mlio ng'ambo, kabla ya kulipa geuzeni kasha mtazame herufi. Mkikuta A, tuleteeni viatu.