Njoo na Kalamu ya Risasi: Mwongozo kwa Anayetaka Kuandika Habari za Mr. Bean

Hongera kwa kujitolea. Umeamua kuandaa orodha kamili na sahihi ya vipindi vya Mr. Bean, kwa sababu umevitazama tangu utotoni, na kwa sababu mhusika mwenyewe hata haongei, sasa kutakuwa na ubishi gani? Ni kazi ya jioni moja, umejiambia. Umemwambia na mwenzako nyumbani kwamba ni jioni moja. Hilo atakukumbusha sana.

Mtu wa kwanza atakayekuuliza jambo atauliza ziko sehemu ngapi. Usijibu upesi. Lipo jibu la 13, lipo la 14, lipo la 15, na kila moja lina watu walio tayari kukesha wakilitetea. Sehemu ya kwanza, ile ya mtihani, ufukwe na kanisa, ilirushwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990. Ya mwisho yenye visa vipya kurushwa zama hizo, Goodnight Mr. Bean, ilitoka tarehe 31 Oktoba 1995. Hesabu kuanzia ile hadi hii, utapata 13. Mpaka hapo hakuna aliyenuna.

Kisha anaingia kinyozi. Hair by Mr. Bean of London ilipigwa kama zile nyingine, ila ikatolewa kwenye kanda ya video mwezi Novemba 1995, na televisheni ya Uingereza haikuionyesha mpaka 2006, tena kwenye chaneli ya watoto, Nickelodeon. Ukimhesabu kinyozi, 14. Mwezi mmoja baada ya kanda hiyo, tarehe 15 Desemba 1995, ikarushwa The Best Bits of Mr. Bean, mkusanyiko wa vipande vya zamani. Ukiuhesabu nao, 15. Utasema marudio si sehemu, na utajiona umemaliza. Basi utaambiwa uitazame tena: Bean yuko darini anatafuta mwavuli, na hayo ya darini hayakuwahi kuonekana popote kabla ya siku ile. Sehemu yenye picha mpya utaiitaje marudio?

Usidhani basi kwamba wanaosema 14 ni kitu kimoja. Wako waliomwingiza kinyozi na kuutoa mkusanyiko, kwa hoja kwamba kinyozi ni kisa kizima. Wako waliomtoa kinyozi kwa kuwa hakurushwa kwa wakati wake, wakauingiza mkusanyiko kwa kuwa ulirushwa. Makundi haya mawili yanakubaliana namba tu. Yakae meza moja, utaamulia. Ushauri wangu ni kwamba namba isitoke mkononi mwako peke yake. Iandike pamoja na kitu ulichohesabu: sehemu mpya zilizorushwa 1990 hadi 1995, ni 13. Hapo atakayekuja kubisha itabidi aseme kwanza anahesabu nini, na wengi watarudi njiani.

Sasa tuje kwenye mtego uliotegwa mahsusi kwa ajili yetu. Kila mahali utasoma kwamba Mr. Bean alianza kurushwa na ITV. Msomaji wa Dar es Salaam akiona hivyo mawazo yake yanakwenda moja kwa moja Mikocheni. Nimewahi kumsikia mtu mzima, mwenye heshima zake, akieleza kwa kirefu jinsi alivyokuwa akimtazama Bean ITV mwaka 1990. Mwaka 1990 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa na chao tangu miaka ya 1970 na hawajaacha kutukumbusha, lakini ITV yetu ilianza 1994. ITV inayotajwa pale ni ya Uingereza. Andika "ITV ya Uingereza" kila mara, hata pale inapochosha, na mzee huyo ukikutana naye mwache na kumbukumbu yake. Bean alimwona kweli. Mwaka tu ndio alioazima.

Wako pia watakaokuletea orodha iliyopangwa kwa misimu, Msimu wa 1, Msimu wa 2, nadhifu kabisa. Ipokee kwa adabu, uiweke kando. Baada ya sehemu ya kwanza, watu walingoja miezi kumi kuiona ya pili, iliyotoka tarehe 5 Novemba 1990. Mwaka 1993 ilitoka moja tu, Mr. Bean in Room 426, ile ya hotelini. Vilikuwa vipindi vya kuibuka, mara nyingi karibu na sikukuu, na aliyevipanga misimu ni muuzaji wa kanda au diski aliyetaka makasha yake yapendeze rafuni.

Na diski ndiyo chuo tulichosomea wengi wetu. Ile diski moja ya barabarani, yenye picha ya Bean na kidubwasha chake cha dubu juu ya kasha, ndani yake imechanganya vipindi vyenyewe, katuni, na vipande vilivyokatwa vikaungwa upya bila mwanzo wala mwisho. Ndiyo maana utakutana na shahidi anayeapa kwamba alimwona kwa macho yake Mrs. Wicket, mama mwenye nyumba, na paka wake Scrapper, katika vipindi vya 1990. Hao ni wa katuni, iliyoanza 2002. Shahidi hasemi uongo. Alitazama vyote mchana mmoja, kwenye kibanda kimoja, na kichwani vimelala godoro moja. Ushahidi wa aina hii utaupokea kwa wingi, na kila mara utaanza na maneno "mimi mwenyewe niliona". Muulize aliona kwenye nini.

Bata mzinga anastahili tahadhari yake. Kila mtu anamkumbuka Bean akiwa na bata mzinga kichwani, na kila mtu ana hakika ni wapi. Alivaa bata mzinga katika Merry Christmas, Mr. Bean, Desemba 1992, kisha akamvaa tena kwenye filamu ya 1997. Watu wawili wanaweza kugombana saa nzima kuhusu bata huyo, wote wakiwa sahihi.

Kuhusu waandishi nitapita haraka, kwa sababu ubishi wake si mkubwa ila makosa yake ni mengi. Rowan Atkinson, anayemwigiza Bean, hakuandika peke yake. Richard Curtis na Robin Driscoll wamo, na Ben Elton alishiriki ile ya kwanza. Muziki ni wa Howard Goodall. Kampuni iliyotengeneza ni Tiger. Thames, ambayo watu huisifia yote, ilikuwa mtoaji wa mwanzo, ikapoteza leseni yake mwishoni mwa 1992, na Central ikaipokea kazi. Bibi Irma Gobb, mchumba mwenye subira ya ajabu, ni Matilda Ziegler. Andika, hifadhi, endelea.

Jina lake la kwanza je? Hapa watu hupotea wakiwa na ushahidi mkononi. Kwenye filamu ya 1997 pasipoti yake, palipotakiwa jina la kwanza, imeandikwa "Mr." Kwenye ile ya pili, ya 2007, pasipoti inasema Rowan. Atakuja mtu na picha aliyoikata kwenye filamu, ameizungushia duara jekundu, anadai umwandike "Rowan Bean" tangu 1990. Usikubali. Mwandikie kwamba filamu fulani ilionyesha hivi na nyingine ikaonyesha vile; vipindi vyenyewe havikumpa jina. Lile la ukoo nalo lilikawia: waandishi walipima majina ya mboga kadhaa kabla ya kutua kwenye maharagwe, na koliflawa lilikuwa miongoni mwao. Fikiria mtu mzima wa heshima zake akikesha kuandaa orodha sahihi ya vipindi vya Bwana Koliflawa.

Karibu na hao wapo wanaoshikilia kwamba Bean si binadamu. Hoja yao ni ule mwanzo, anapodondoka barabarani kutoka juu, ndani ya duara la mwanga. Usiwacheke, maana mwanga upo kweli. Kazi yako ni kutenganisha mafungu matatu: kilichoonekana kwenye kioo, kilichosemwa na waliokitengeneza, na kilichotungwa na watazamaji usiku wa manane. Mwanga uko fungu la kwanza. Sayari alikotoka iko la tatu. Atkinson mwenyewe amemweleza Bean kama mtoto aliyekaa ndani ya mwili wa mtu mzima, na hilo ni fungu la pili. Ukichanganya mafungu umekwisha, kwa sababu mwingine atakunakili wewe, wa tatu atamnakili huyo, na baada ya miaka michache utaletewa uzushi wako mwenyewe kama chanzo.

Kuna na vipande vya hisani. Bean alijitokeza katika vipindi vya kuchangisha fedha vya Comic Relief: mwaka 1993 akiwa kwenye kutafutiwa mchumba, mwaka 2007 akiharibu harusi ya watu. Je, hizo ni sehemu? Ukisema ndiyo, ile 15 yako imepasuka. Ukisema hapana, utaulizwa zimekosa nini ambacho mkusanyiko wa darini unacho. Zipe ukurasa wake, chini ya kichwa chake. Olimpiki ya London, 2012, Atkinson alipokaa kwenye kinanda pamoja na London Symphony Orchestra akabonyeza noti ile ile, weka huko huko. Alikuwa Bean au Atkinson? Wapo walioacha kusalimiana kwa swali hilo.

Nimeacha magari kwa makusudi, maana ukianzia huko hutatoka. Utajua umekutana na mtu wa magari pale atakapoanza sentensi kwa kusema, "Siyo kwamba nakukosoa." Andika kwamba Bean anaendesha Mini ya kijani, naye atakuuliza ile ya sehemu ya kwanza ilikuwa ya rangi gani. Ilikuwa ya machungwa, namba RNT 996H. Ya kijani yenye boneti nyeusi, SLW 287R, ndiyo iliyofuata na ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, pamoja na kufuli lake la mlangoni na usukani anaoung'oa na kutembea nao. Kisha atakukumbusha Back to School Mr. Bean, Oktoba 1994, kifaru cha jeshi kilipopanda juu ya Mini hiyo kikailaza kama chapati. Halafu, kwa sauti ya upole, atataka umweleze ni gari gani lile kwenye filamu ya 1997. Usijaribu kumweleza. Ukisema lilitengenezwa, atataka kujua nani alikuambia. Ukisema ni jingine, atakuuliza mbona namba ni ile ile. Andika mambo mawili kwa ufupi, kwamba 1994 lilipondwa na 1997 linaendeshwa, na kati yake uache nafasi nyeupe.

Atkinson, kwa taarifa yako, alizaliwa tarehe 6 Januari 1955, na kila baada ya muda huzushiwa kifo. Siku uvumi ukifika, simu yako itajaa watu wanaotaka ujaze tarehe. Nenda kale chakula kwanza. Ukirudi atakuwa amefufuka.

Mwisho utajiona umekamilisha, na utaitoa orodha. Asubuhi yake atakuandikia mtoto wa darasa la sita. Atakupongeza, atakuamkia vizuri kabisa, kisha ataeleza kwamba umesahau lile gari la buluu la matairi matatu ambalo Bean hulisukuma, hulipindua na kulinyima maegesho kila wanapokutana, na kwamba namba yake ni GRA 26K. Iongeze. Mjibu "marahaba", na umwulize kama ana muda wa kuisoma orodha nyingine kabla hujaitoa.