Ngedere na Leseni

Huko California, dereva akikutwa na kilevi cha asilimia 0.08 au zaidi kwenye damu, polisi huchukua leseni yake. Ana siku 10 tu za kuomba asikilizwe, tena si mahakamani bali na idara ileile ya magari inayotaka kumfungia. Kwa miaka mingi, ofisa mmoja wa idara hiyo ndiye aliyeleta ushahidi dhidi ya dereva, akapinga utetezi wake, kisha (hata maji hajanywa) akaamua nani kashinda. Sisi hulalamika kesi ya nyani kupelekewa ngedere; kule ngedere alikuwa pia mwendesha mashtaka! Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo iliamua kwamba kazi hizo mbili, kushtaki na kuamua, hazipaswi kufanywa na mtu mmoja.