Mzamiaji wa Muhumba

Jirani yangu wa hapa Muhumba, kando ya Ziwa Kivu, anapanga likizo ya kuzamia. Kwanza Pemba, kwenye matumbawe. Kisha Bahari ya Shamu, kuitazama Thistlegorm, meli ya Waingereza iliyozamishwa na ndege za Wajerumani mwaka 1941. Miwani ya maji ameshanunua. Alitaka kuijaribu kwenye beseni, lakini bomba lilikuwa kavu.

"Na Kivu hapo chini ya dirisha lako, mukubwa?"

Akasema halina matumbawe. Kweli. Lina methani na hewa ya ukaa, zimelala kilindini kama deni. Meli ya vita? Ziwa Tanganyika lilikuwa nayo, Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 karibu na Kigoma. Ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwetu hata meli iliyozama haikuruhusiwa kupumzika, ilibidi ibebe dagaa.

Yeye atalipa dola aione meli chini ya maji. Sisi tunalipa nauli ya boti ya Goma, magunia yamefika paani, na nahodha anaita wengine wapande.

Jaketi lake la kuokolea lina taa na filimbi. Nimemwomba aniazime. Ijumaa naenda Goma.