Ukimtaka Mhasibu, Mpigie Soja

Ofisi moja hapa Nyeri, jina nalimeza, imenunua mtambo mpya wa simu. Fundi aliupanga kutwa nzima: 101 mapokezi, 102 mhasibu, 103 meneja. Akaacha kijitabu, akapanda matatu ya Karatina.

Nikapiga 061 na ushei. Sauti tamu ikaniambia nibonyeze moja nipate Kiswahili. Nilipobonyeza, ikaendelea kwa Kiingereza.

Mhasibu akienda chai, simu zake huzielekeza mapokezi. Dada wa mapokezi, akienda chai hiyo hiyo, huzielekeza kwa mhasibu. Nami katikati nazunguka kama mbuzi wa kamba, Beethoven akinitumbuiza kwa salio langu mwenyewe.

Enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla ya kugawanywa mwaka 1999, ofisi ilikuwa na opereta, na opereta alijua nani yupo na nani ametorokea Othaya kuchuma majani chai. Mtambo huu unajua mengi, hilo haulijui.

Kijitabu kiko chini ya mguu wa meza ya meneja, isiyumbe.

Mwishowe nikampigia soja kwa rununu yake. “Ngoja, mzee,” akasema, akaita dirishani mara moja tu. Mhasibu akaitika.