Sifa za Mbwa Koko wa Mlandege

Simba amesifiwa vya kutosha, farasi pia, hata ng'ombe. Leo niacheni nimsifu mbwa koko wa Mlandege, hapa Iringa mjini, mwenye rangi ya vumbi na sikio moja lililoliwa nusu, asiye na mwenyewe wala jina, aliyenichelewesha kazini dakika 12.

Nianze na elimu yake. Iringa imekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai hata mwenye makoti mawili hutembea amejikunyata. Sisi tunawasha mkaa. Yeye kaupeleleza mji mzima akagundua kuwa jua la kwanza linapiga kwenye lami, karibu na soko, katikati kabisa ya barabara. Akajilaza hapo kiubavu, miguu minne kaitandaza.

Mamlaka yake je? Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, matuta yapo, na bado bajaji hupita pale kama zinakimbia deni. Siku ile zilisimama. Daladala zikasimama, guta la viazi likasimama, likaja gari jeupe la serikali lenye vioo vyeusi, nalo likasimama. Chifu wetu Mkwawa alipouvunja msafara wa kijeshi wa Mjerumani Zelewski kule Lugalo, 17 Agosti 1891, alihitaji mikuki kwa maelfu. Huyu alihitaji usingizi tu.

Honi zikalia. Akatikisa sikio, lile zima. Konda mmoja akashuka: "Kamwene, mnyalukolo! Ulanzi wa jana haujaisha?" Akamrushia kipande cha chapati. Mbwa akakila bila kuinuka, akafumba macho. Dereva wa gari jeupe akashuka na tai yake, akapiga makofi mawili kama anayeita mhudumu hotelini. Wapi! Na ninyi watani wetu, mnajua mnavyotusema Wahehe, eti tunakula mbwa. Pimeni wenyewe ujasiri wa mbwa anayelala fofofo katikati ya Iringa.

Mama muuza nyanya akapata wateja watatu madirishani. Yule kijana wa bajaji ninayemlaani kila asubuhi, nikamsalimia, kumbe kwao Kalenga, jirani na shangazi yangu.

Wagiriki walikuwa na mwanafalsafa wao, Diogenes, waliyempa jina la mbwa. Inasimuliwa kuwa Aleksanda Mkuu alimwendea, akamuuliza amfanyie nini. Akaambiwa asogee, anamkinga jua. Nilikumbuka kisa hicho lilipofika lori la mbao za Mafinga, likasimama upande wa pili, kivuli chake kikamfunika mbwa wetu. Hapo hapo akainuka. Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akapiga mwayo mrefu usoni pa gari jeupe, akaondoka. Tukashangilia, injini zikawaka.

Akatembea hatua sita, akalipita lori, akaliona jua. Akajilaza mbele ya magurudumu yake.