Kabla Mama Mkwe Hajatua

Kaka,

Sisi huku Manchester hatujambo, ukiacha kiuno changu. Nakuandikia kwa simu na si kwa posta, kwa kuwa posta haiwezi kushindana na mama mkwe. Anapanda ndege Jumatano. Alhamisi yuko Dar, Ijumaa anapita Tanga kuwasalimu, na kabla hajapanda gari la Lushoto habari zitakuwa zimeshafika hapo kijiweni Barabara ya 12, zimeshateremshwa kwa kahawa na kashata. Nataka za kwangu zitangulie. Wasomee jamaa kwa sauti, na muuza kahawa mwambie aache kugonga vikombe kidogo.

Iko starehe moja ya huku ambayo miaka yote sikuwaandikia kwa kuona haya. Jumamosi watu wazima, wenye kazi zao na mikopo ya nyumba, wanaamka alfajiri, wanapanda treni mpaka mashambani, wanakwea mlima mvua ikiwanyea, wanashuka, wanarudi kituo kile kile walichoshukia asubuhi. Hawakufuata maji, hawakufuata kuni, hawakupotelewa na mbuzi. Ukiwauliza mlikuwa wapi, watakwambia tulikwenda kutembea. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini anayekuja Tanga angalau huwa amefuata kitu.

Nami nimo, mwaka wa tatu huu. Aliyenitia ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye sisi tunamwita Bwana Ramani kwa kuwa ramani yake huitundika shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, kama kitambulisho cha kazi. Kundi lenyewe ni mchanganyiko: nesi wa Kijamaika na mumewe, mtu na mkewe kutoka Poland, wenye mbwa, Mkenya wa Eldoret ambaye kila mgeni humtazama miguu kwa matumaini, kumbe ni mhasibu na ndiye huwa wa mwisho, na sisi na watoto wetu wawili. Nimenunua buti za pauni 95. Nimenunua na fimbo za kutembelea, mbili, na macho yangu yote yanaona. Chekeni, nawasubiri.

Haya. Ijumaa usiku mke wangu, mikono imejaa unga wa maandazi, akamwambia mama yake: "Mama, kesho tunakwenda kutembea." Neno hilo moja ndilo lililoniponza. Mama mkwe akauliza, "Kwa nani?" Mke wangu akasikia "na nani", akajibu, "Marafiki wa baba watoto." Basi. Mama amezaliwa Usambara, amekulia Usambara. Kwake mtu akienda kutembea kuna mwenyeji anayemngoja, na kwa mwenyeji haendi mikono mitupu. Asubuhi nikamkuta sebuleni amekaa tayari, kikapu miguuni. Ndani mna kilo mbili za sukari, doti ya khanga mpya, na pakiti nne za majani ya chai ya kwao Usambara. Majani ya chai, kaka, ya kumpelekea Mwingereza.

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari. Na kwa kuwa mama mkwe hawezi kubeba kikapu mkwe akiwepo, nikakibeba mimi.

Kutoka Manchester hadi kijiji cha Edale treni haimalizi saa nzima. Hapo ndipo inapoanzia njia ya miguu iitwayo Pennine Way, iliyofunguliwa 1965, inayokwenda kilomita 430 hivi mpaka ng'ambo ya mpaka wa Scotland. Sisi tulikuwa tunaionja tu. Bwana Ramani akatupigia hesabu palepale kituoni, kwa kanuni ya Mskoti mmoja, Naismith, aliyeitoa 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine juu yake kwa kila mita 600 za kupanda. "Saa tisa na nusu tuko hapa," akasema. Bwana Naismith, Mungu amrehemu, hakutembea na mama mkwe wangu.

Kwanza, salamu. Mjini jirani yangu wa ukuta mmoja hajanisalimu mwaka wa nne huu. Ila wavue watu hawa viatu vya mjini, wavishe buti, watakusalimu mpaka na mbwa wako. Kila tunayepishana naye anasema asubuhi njema na kupita. Mama mkwe hajui kusalimiwa juu juu. Anasimama, anatua, anauliza hali ya nyumbani, watoto, wazee, na mlolongo wake wa salamu unamaliziwa na mke wangu anayetafsiri huku akihema. Tulipofika shamba la pili tulikuwa tumechelewa kwa dakika 40, na tayari tulijua habari za upasuaji wa goti la bwana mmoja wa Sheffield.

Sasa nafika kwenye geti. Muuza kahawa, vikombe chini.

Huku mashamba yamezungushiwa kuta za mawe, na njia ya miguu ikifika ukutani huwekwa geti la ajabu. Ni kijizizi cha nusu duara, na kigeti kinachochezacheza ndani yake. Unaingia, unajibana pembeni, unakisukuma kipite mbele yako, unatokea upande wa pili. Mtu mmoja mmoja. Ng'ombe hawezi, akili hiyo hana. Jina lake kwa Kiingereza ni geti la busu, na nasikia ni kwa sababu kigeti kinagusa tu nguzo za pande zote mbili bila kufungwa. Sababu safi kabisa. Lakini watu wakaongeza ya kwao.

Nilitangulia mimi na kikapu. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, ameshaingia kwenye kile kijizizi, mimi nimeshika kigeti upande wa pili. Bwana Ramani, mwalimu asiyestaafu moyoni, akapaza sauti akaeleza jina. Kitinda mimba wetu ana miaka 7, na Kiswahili chake, ambacho siku zote tunamlazimisha akiseme, kikamjia chote kwa mara moja: "Bibi, hili geti la kubusiana! Aliyetangulia hamfungulii wa nyuma mpaka apewe busu!"

Kaka, wewe unajua mimi na mama yule. Miaka 14 ya ndoa sijawahi hata kumpa mkono. Akikaa kwenye kochi mimi nasimama, akija jikoni mimi nakumbuka kazi nje. Na sasa nimemziba njia, mkono wangu uko getini, watu tisa na mbwa wanatutazama wakitabasamu. Ningekiachia, kingerudi na kumbana. Ningekishikilia, ningeonekana nadai. Jasho lilinitoka kwenye baridi ya nyuzi 9. Mkenya alikuwa ameshatoa simu.

Mama mkwe hakuharakisha. Akatengeneza khanga yake kichwani, akamwita mjukuu wake aje, akainama juu ya mbao za kijizizi akambusu paji la uso, mwa! Kisha akanyanyuka. "Deni limelipwa," akasema. "Mkwe, toka getini."

Hayo ndiyo yaliyotokea, yote. Mkisikia toleo jingine, mnajua limetoka wapi.

Mbele kidogo njia ikatupitisha katikati ya ua wa mwenye shamba. Si pembeni, katikati, baina ya trekta na kamba ya nguo. Ndivyo ilivyo sheria huku: njia iliyopitwa na watu tangu zamani haizibwi, hata ikipita mbele ya dirisha la jiko lako, na England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za namna hii, zimechorwa kwa vistari vya kijani kwenye ramani ya mzee wetu. Wenzetu wakapita wameinamisha vichwa. Mama mkwe akasimama getini. "Hodi!" Kimya. "Hodi hapa!" Mbwa mmoja akabweka. Bwana Ramani akarudi kumweleza kwamba hakuna haja, tunaruhusiwa. Nikatafsiri. Akanijibu mimi, si yeye: "Mwambie sikuuliza kama naruhusiwa. Nimeuliza kama wapo." Akapita shingo upande, na mimi sukari bado nimeibeba.

Mlima wenyewe unaanza kwenye daraja dogo la mawe, halafu ngazi za mawe zinazoitwa Ngazi ya Yakobo. Mke wangu alipomtafsiria jina, mama, Mlutheri wa tangu kuzaliwa, akaitazama kuanzia chini hadi inakopotelea kwenye ukungu. "Yakobo aliiota usingizini," akasema. "Ninyi mnaipanda mkiwa macho." Kumbe Yakobo wa hapa ni mkulima wa karne ya 18, aliyechonga ngazi akate njia kwa mguu, huku farasi wake akizunguka taratibu kwenye njia ya mzunguko. Mimi nilipita ya farasi. Mama mkwe alipanda ngazi, na raba zake za sokoni, hakushika goti hata mara moja. Tulimkuta juu amekaa kwenye jiwe anamenya yai. "Hiki mnakiita mlima?" Mlima huo, Kinder Scout, ni mita 636. Lushoto mjini penyewe, penye soko na stendi, ni karibu mita 1,400.

Tukala hapo hapo, kwenye upepo. Mama alitaka kujua tumefukuzwa wapi hata tunakula nje. Maandazi yalikaribia kwisha kabla ya mikate ya baridi ya wenyeji kufunguliwa, na Bwana Ramani, mdomo umejaa, akaanza historia yake. Hii ninaipenda, sitaifupisha sana. Zamani mlima huu ulikuwa wa mabwanyenye, wanauweka kwa ajili ya kuwinda kwale, na mtu wa kawaida akikanyaga anafukuzwa na walinzi. Tarehe 24 Aprili 1932 watu kama 400, wengi vijana wa viwandani Manchester, wakapanda kwa makusudi kutokea Hayfield, ng'ambo ya pili. Kiongozi wao Benny Rothman alikuwa na miaka 20. Wakakutana na walinzi wenye marungu, wakavutana, na vijana watano wakafungwa, miezi miwili hadi sita. Hifadhi ya taifa ikaja 1951, ya kwanza Uingereza. Sheria ya kumruhusu kila mtu kutembea kwenye nyika kama hizi ikaja mwaka 2000. Na 2002 Duke wa Devonshire, mjukuu wa bwana aliyekuwa na ardhi hiyo, akasimama mbele ya watu akaomba radhi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Walifungwa kwa kutembea?" Ndiyo, mama. Akatikisa kichwa, akasema kwao bibi yake alikuwa akikata kuni huku sikio moja linamsikilizia bwana misitu, nayo misitu ya babu zao. Akamkatia Bwana Ramani andazi la mwisho nusu. "Mwambie kumbe bwana misitu alikuwa na ndugu huku."

Sasa la tope. Hili angewaambia kwa vyovyote.

Juu kule si ardhi, ni uji mweusi uliofunikwa na nyasi, na pale pabaya zaidi wametandika mabamba ya mawe upite juu yake, mmoja nyuma ya mwingine. Nikasikia nyayo za mama mkwe nyuma yangu. Nikawaza: nitamtanguliaje mama, nimpe mgongo njia nzima? Nikasogea pembeni kwa adabu, nikainamisha kichwa, nikasema, "Pita, mama." Mguu wa kulia ukaenda. Ukaendelea kwenda. Wa kushoto ukaufuata kuuliza kuna nini. Nilisimama nikiwa nimepungua mpaka mapajani, kikapu nimekiinua juu ya kichwa, na kila nikijitikisa uji unanyonya kama mtoto.

Wenzetu walikuwa mbele. Mama akanitazama. Nikaona anafikiri jambo lile lile nililokuwa nafikiri, la mkono. Kisha akavua khanga begani, akaisokota, akashika ncha moja, ya pili akanirushia. "Kamata, baba." Na akavuta. Mwanamke wa miaka 68, kilo 50 akiwa amelowa. Nilitoka na buti moja. Pauni 47 na nusu ziko Kinder Scout mpaka leo.

Watu walipokuja mbio, khanga imetanuka kati yetu, Bwana Ramani akauliza maandishi yale yanasema nini. Japo sipati, tamaa sikati. Aliyaandika kwenye daftari lake. Anasema Jumamosi ijayo atayafundisha kundi zima kama mwito wa kupandia.

Tulishuka kwa njia ile ile, mimi mguu mmoja umevikwa mfuko wa plastiki. Tulipofika ule ua mama akasimama tena. "Hodi!" Safari hii mlango ukafunguka: mwanamke wa makamo, buti za mpira, ndoo mkononi, uso wa mtu anayejiandaa kuulizwa choo kiko wapi. Mama akampa mkono kwa mikono miwili, akageuka akanitazama mimi, na mimi nikakileta kikapu kama bwana harusi. Sukari, khanga, chai. Mke wangu akatafsiri kwamba mama ameona si vizuri kupita uani kwa watu bila kusema. Yule mwenye nyumba akaweka ndoo chini. Akasema amezaliwa nyumba hii, na wapita njia amewaona wa kila aina, lakini wa kubisha hodi na zawadi hajapata kumwona. Akatufungulia jiko. Tukavua viatu mlangoni, mimi kiatu. Chai iliyopikwa ni ile ya Usambara, mama mwenyewe akisimamia maziwa.

Treni ya saa kumi ilitupita, na ya baada yake. Bwana Ramani hata saa hakuitazama. Alikuwa kwenye kiti cha jikoni na khanga ya pili mapajani, anataka kujua na ile inasema nini.

Mama mkwe anakuja na chupa mbili za jemu ya plamu kutoka kwa yule mwenyeji wake, amezifunga kwenye soksi zangu. Anasema plamu za Lushoto ni tamu zaidi, lakini hakuziacha. Moja ni yenu. Kuleni na mkate, mshukuruni, msimuulize habari za geti. Akianza mwenyewe, mwambieni buti langu linamsalimu.

Ndugu yako