Sanda ya Tembo

Wiki hii nzima mtaani naitwa Mzee wa Viazi. Jina lenyewe lilizaliwa Jumatatu usiku kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, nilipoweka picha ya bidhaa na jirani mmoja akauliza, kwa heshima zote, kama kile kiazi nauza kimoja kimoja au kwa kilo.

Kile kiazi ni tembo. Ni tembo wa mti, sentimita sita kutoka usoni hadi mkiani, amepakwa rangi ya kahawia na kutiwa nukta nyeupe mwili mzima, moja baada ya nyingine, kwa mkono wa shemeji yangu. Mimi niliombwa kupiga picha tu. "Piga tu, shem, wala haitakuchukua muda," ndivyo alivyoniambia. Shemeji naye yumo kundini. Hakuandika neno, na ningeona afadhali angenitukana.

Naomba nieleze kilichotokea, maana watu wanadhani mkono wangu unatetemeka. Lenzi yoyote huona sawasawa umbali mmoja tu. Vilivyo mbele na nyuma ya hapo hufifia taratibu. Ukiwa unapiga mlima, au bibi harusi akiingia ukumbini, hilo halikusumbui, kwa sababu eneo lililo sawa lina kina cha kutosha. Kadiri unavyokisogelea kitu, kina hicho kinasinyaa bila huruma. Niliazima kamera kubwa ya mpiga picha wa harusi nikajionea mwenyewe: ukimsogelea tembo wa sentimita sita mpaka akajaa kwenye picha, tundu la lenzi ukaliweka f/8, eneo linaloonekana vizuri lina unene wa milimita tatu hivi. Tembo akikutazama usoni, ncha ya mkonga ipo, macho yana ukungu, masikio ni tetesi. Ukilibana tundu mpaka f/22 unapata kama milimita nane, lakini mwanga unaojipenyeza kwenye kitundu kidogo hutawanyika, na picha nzima inalegea. Umeukimbia ukungu huu, umeukuta ule. Wenye kompyuta hupiga picha nyingi, kila moja wameilenga mbele kidogo ya iliyotangulia, kisha programu inachukua kipande kilicho sawa katika kila picha na kuviunga. Wasio na kompyuta humgeuza tembo ubavu, ili mwili wote uwe umbali mmoja na lenzi.

Ile picha ya Jumatatu niliipiga kwa simu, na simu iliamua yenyewe kulenga kitambaa cha meza. Maua ya kitambaa yalitoka vizuri mno, hata uzi mmoja uliochomoka ulionekana. Tembo aliyesimama mbele yake akabaki bonge la kahawia lenye vijidoa.

Jumanne nikamgeuza ubavu, nikawasha flashi, na safari hii alionekana mpaka alama za brashi. Nikaituma kundini kwa kujiamini. Jibu likaja baada ya dakika moja: "Huyo mwenye singlendi ndani ya kiazi ni nani?"

Nikaivuta picha. Kwenye kalio la tembo kulikuwa na dirisha letu, nondo zake zote zikihesabika, na mbele ya dirisha nimesimama mimi na singlendi yangu, simu usoni. Kwenye jicho ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Shemeji huweka nukta nyeupe katika kila jicho kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na ndiyo inayompa mnyama uhai. Flashi ilikuwa imeongeza nukta ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Tembo alikuwa na makengeza.

Chanzo cha tembo kuakisi hivi ni cha kihistoria. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichukua kilichopatikana kwa bei nafuu: rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, akaipaka juu ya vipande vya hadibodi. Kazi zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini wanaomfuata, shemeji akiwemo, wanapaka rangi hiyohiyo hadi leo, na rangi hiyo ikikauka inageuka kioo. Kioo hakina mng'ao wake, kinarudisha tu kilicho mbele yake. Kwa hiyo huwezi kumzuia tembo asiakisi kitu. Unachoweza ni kumchagulia cha kuakisi, na kinachofaa ni kitu kikubwa, cheupe, kisicho na alama, kimzunguke pande zote. Unatoboa madirisha kwenye boksi la katoni, unayaziba kwa kitambaa cheupe chepesi, unaweka taa nje, na ndani unapinda manila nyeupe isiwe na kona. Taa ikipita kwenye kitambaa inaacha kuwa nukta kali, inakuwa ukuta mzima wa mwanga mwororo. Nilipolielewa hili nilikosa usingizi kwa furaha. Kilichobaki ni kitambaa. Cheupe, chepesi, cha bei nafuu. Bafta.

Kariakoo, dukani, nikasema, "Nipimie bafta mita mbili."

Muuzaji akaacha kutafuna. "Pole sana, kaka yangu. Mwanamume au mwanamke?"

Swali hilo si la udaku. Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu, ya mwanamke vitano, na muuzaji mwenye utu hukukadiria mwenyewe asikusumbue na hesabu siku kama hiyo.

"Ni tembo," nikasema.

Akanitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuona msiba ukimvuruga mwenzake.

"Mdogo tu," nikaongeza, ili kumtoa wasiwasi. "Wa sentimita sita."

"Mwenyezi Mungu akupe subira," akasema, na akapunguza bei.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na mfuko mbadala sikuwa nao, kwa hiyo bafta niliibeba kwapani. Nilipopita kijiweni, wacheza drafti walisimama. Mmoja alivua kofia. Nikawapungia mkono, nikidhani sifa za picha zimeanza kubadilika. Nikaingia ndani, nikajifungia na boksi langu, kisu na selotepu.

Kabla ya magharibi mkeka ulikuwa umetandikwa barazani. Akina mama walikuja na kanga zao kichwani, wakakaa, wakaongea kwa sauti ya chini. Mmoja alileta sukari. Wanaume walileta viti vya plastiki na kuanza kuulizana daftari la michango liko kwa nani. Kila aliyefika aliwauliza waliotangulia ni nani aliyefariki, na kila mmoja alijibu kwamba bado hajaambiwa, ila bafta imeonekana. Mke wangu aliporudi kutoka kazini akauona mkeka, akaziona kanga, akaanza kulia kabla ya kuuliza. Akapita mbio mpaka chumbani, akanikuta nimepiga magoti, kichwa kimo ndani ya boksi lenye kitambaa cheupe, napima mwanga.

Kilio kilichotoka hapo ndicho kilichoingiza mtaa mzima ndani.

Nilieleza. Nilieleza habari ya kioo, na taa, na ukuta wa mwanga, na nikamtoa tembo nikampitisha mkono kwa mkono. Watu walimtazama kwa muda. Bibi mmoja mtu mzima akauliza taratibu, "Sasa mwanangu, huyu anauzwaje?" Nikamtajia bei.

"Kwa bei hiyo," akasema huku akijifunga kanga vizuri, "afadhali kungekuwa na maiti kweli."

Sukari waliondoka nayo.

Mengine yalikuwa madogo. Taa ya balbu iliigeuza manila kuwa rangi ya chai ya maziwa. Kamera, ambayo hudhani dunia nzima ni ya kijivu, ilifanya weupe wote jivu mpaka nilipoilazimisha iongeze mwanga. Nywele moja ya paka ilitokea mgongoni kwa tembo ikiwa nene kama kamba. Miwani ya jua niliyoishikilia mbele ya lenzi ilipunguza mng'ao kweli, kisha ikaniponyoka ikamvunja tembo pembe moja. Umeme ukakatika.

Mpaka hapo nacheka na nyinyi. Kuna ambayo hayanichekeshi. Boksi la simu yangu limeandikwa kamera nne. Ile ya vitu vya karibu ina megapikseli mbili na haiwezi kubadilisha umbali wa kulenga. Imewekwa pale ili ihesabiwe, nami nimelipia hesabu hiyo. Mteja mmoja aliyeona picha ya Jumatatu alimpigia shemeji, akamwambia kazi imekaa hovyo, apunguze nusu. Aliyekata bei hakuwahi kumgusa tembo. Mchoraji aliinama siku kadhaa akihesabu nukta, na hukumu ikatolewa juu ya mwanga wa chumbani kwangu.

Wapo pia wanaojua kupiga. Hununua kazi hizi kwa jumla, huzipiga picha juu ya weupe usio na doa, huziuza mbali kwa bei ambayo shemeji hajawahi kuisikia, na chini ya picha huandika: tembo wa Afrika, kazi ya mikono. Mikono ya nani? Shemeji huandika jina lake chini ya mguu wa nyuma, kwa brashi yenye nywele chache, kwa kuwa hakuna nafasi kwingine. Sijaona muuzaji anayempiga tembo picha chini ya mguu.

Basi wewe unayeuza, na wewe unayejipigia ya kumbukumbu: kabla hujatuma, kigeuze hicho kitu, soma jina, uliandike chini ya picha. Hata picha ikiwa mbaya, liandike.